Mkwe wa Rungwe

Jana usiku nililala na hasira zangu, nikaota kilima cha nyuma ya nyumba yangu kimeitwa zahanati kwenda kupimwa kama kimekufa.

Kabla sijafika mbali nieleze kidogo, maana ndoto isiyo na chanzo ni kelele tu. Kilima chenyewe kinaitwa Lukamba. Ni kidogo, kama bakuli lililopinduliwa, kipo miguuni pa Mlima Rungwe, na chote ni kokoto nyekundu nyepesi ambazo moto wa chini ulizitema zamani, zikaanguka hapohapo zikarundikana. Juu yake kuna matuta ya viazi vitamu. Katikati ya matuta kuna kaburi la mke wangu, Subilaga.

Wakubwa wanazitaka kokoto zile wakazimwage barabarani. Walikuja na magari, wakasema Lukamba ni volkeno mfu, itachimbwa mpaka iwe tambarare, na kilichomo kitahamishwa kwa heshima. Kilichomo! Subilaga alipougua hakukuwa na barabara. Tulimbeba kwa machela kwenye matope, zahanati wakatwambia turudi kesho, tukambeba tena, tukateleza, tukainuka, mpaka ikafika mahali hapakuwa tena na haja ya kuharakisha. Nilipiga kelele miaka yote kuhusu ile njia, nikaambiwa nisubiri. Sasa barabara imekuja, na kitu cha kwanza inachotaka ni kumla yeye.

Mkutano wa kupitisha jambo hilo ni leo asubuhi. Nililala nikitafuta la kusema, sikulipata. Wao wana wataalamu. Mimi nina darasa la nne.

Na jambo la mwisho. Naishi uwanja mmoja na Tumpale, mke wa mwanangu Gwamaka ambaye anafanya kazi Tunduma. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe. Hamsemeshi, hakai naye, haingii nyumba yake. Akiniona njiani anaingia kwenye migomba mpaka nipite. Siku hizi wengi wameacha, wanapeana mikono na wakwe zao kama wanasiasa. Tumpale hajaacha, kalelewa na bibi yake. Kila asubuhi anaweka chai kizingitini kwangu, anakohoa, anaondoka. Sauti yake ninayoijua mimi ni hicho kikohozi.

Sasa ndoto.

Nimekaa kwenye kigoda changu. Anaingia kigingi cha wapimaji, kile cha mti chenye kichwa cha rangi nyekundu, anavuka kizingiti kwa kurukaruka kwa mguu wake mmoja.

"Wewe, hupigi hodi?" nauliza.

"Tangu nizaliwe mimi ndiye ninayepigwa," anasema. "Hodi sijafundishwa."

"Unatoka wapi?"

"Kichwani pa mkeo. Wamenichomeka pale juzi."

Nataka kumvunja nimtie jikoni. Lakini mtu akitoka kwa mkeo, hata kama ni mti, unamuuliza kwanza habari.

"Anasemaje?"

"Anasema hujapalilia matuta ya kushoto."

Ni kweli, sijapalilia. Nikaona huyu pengine hasemi uongo.

"Lukamba anapimwa sasa hivi," anasema kigingi. "Wewe ndiye ndugu wa mgonjwa. Beba cha kubeba, twende."

Hata ndotoni mtu haendi kumwona mgonjwa mikono mitupu. Nilikuwa na chana la ndizi mbichi, mbichi kabisa, za kijani mpaka zinang'aa. Natafuta kamba ya kulifungia, sioni. Nachukua ufunguo ninaouvaa shingoni, nafungua sanduku la bati la marehemu. Sanduku hilo hafungui mtu mwingine. Natoa kanga yake nyeusi yenye pindo la njano, nachana ukanda wa pindo.

"Polepole, baba," inasema kanga. "Nilinunuliwa sokoni Mwanjelwa kwa kubembelezana."

"Samahani."

"Chana tu. Kama ni kwa ajili yake, chana."

Nafunga ndizi, narudisha kanga, nafunga sanduku. Nafungua mlango ili nitoke uani, na ua haupo. Kuna benchi refu la zahanati, na kwenye benchi imekaa milima.

Wa kwanza ni Mlima Ngozi. Amepakata ziwa mapajani, ameshika kingo kwa mikono miwili lisimwagike.

"Pole, ndugu. Ulianguka?"

"Nilijiangukia mwenyewe," anasema Ngozi. "Zamani nilikuwa na kichwa kirefu. Siku moja nikatapika kila kilichokuwa tumboni, majivu yakafika kwa majirani na kwa majirani wa majirani. Tumbo likabaki tupu, kichwa kikakosa pa kukaa, kikazama ndani. Sasa mvua ndiyo inanikalia."

"Na wakubwa walisemaje?"

"Walisema nimependeza. Wanaleta wageni wanapiga picha."

Pembeni yake kuna mlima mmoja bapa, umejilaza benchi zima kama ngao iliyoanguka mgongo juu. Namwomba asogee.

"Siwezi, mzee. Lava yangu ni nyepesi kama uji wa mgonjwa. Ikitoka tu inakimbia, inafika mbali kabla haijaganda. Ndiyo maana sina urefu. Nina upana."

"Hata kwetu wapo," nasema. "Anapewa kiti kimoja anakalia vitano."

Kigingi anatazama pembeni, kana kwamba sikumsema mwajiri wake.

Upande wa pili amesimama mlima wa kuba. Mdomo wake umezibwa na uvimbe wake mwenyewe, anaongea kwa pua.

"Yangu nzito," anasema. "Nzito kama ugali wa msibani, mwiko unasimama peke yake. Haitoki. Inavimba mlangoni, inavimba, inavimba."

"Mwisho wake?"

"Mwisho wake mlango unaruka."

"Basi nikae mbali na wewe."

"Wote wanasema hivyo," anasema kuba kwa upole. "Halafu wanajenga."

Sauti inaita kutoka ndani: "Mgonjwa anayefuata!" Haitaji jina. Benchi linakunjwa kama mkeka, na mimi nimeshasimama ndani ya chumba.

Mkubwa wa chumba kile ni muhuri. Ana ukubwa wa pipa, kichwa chake ni mpini wa mti uliopakwa mafuta, amefunga tai. Amekalia viti vitatu. Kila kilichomo chumbani kimeshagongwa: ukuta umeandikwa MFU, dirisha MFU, ndoo MFU, ufagio MFU, na kuku anayepita anadonoadona ameandikwa MFU mgongoni na anaendelea kudonoa.

"Shikamoo, mheshimiwa," nasema, ingawa najua mimi ndiye niliyemzidi umri.

"Mfu," anaitikia.

"Mbona unagonga kila kitu neno moja?"

"Nilichongwa neno moja," anasema Muhuri. "Kazi inakwenda haraka."

Kando yake amekaa mtaalamu. Ni Mzee Rungwe mwenyewe. Amejaza nusu ya chumba, kiuno kipo kwenye kiti, kichwa kimetoboa bati kipo nje kwenye mvua. Ubavuni pake paliposuguana na mlango naona alivyojengeka: majivu, lava, majivu, lava, tabaka juu ya tabaka kama maganda ya mgomba.

Naelekeza mdomo kwenye tundu la bati, nampigia kelele. "Malafyale! Ugonile?"

Malafyale ni mtemi kwetu, na ugonile ndiyo salamu yetu, tunaulizana kama mtu amelala vizuri.

"Nimelala, mwanangu," anajibu kutoka juu. "Naendelea kulala. Wamesema kuna kazi ya kushuhudia, lakini huku juu sioni mnachofanya huko chini."

"Usione," anasema Muhuri. "Wewe ni mtaalamu. Utaulizwa, utakubali."

Mlango unafunguka, anaingia Lukamba.

Ndiye huyo. Kilima changu, na matuta yake ya viazi vitamu, na kaburi la Subilaga amelibeba mgongoni kwa mbeleko kama mtoto mchanga. Anatembea vizuri. Lakini alipoliona goti la Rungwe pale kitini, alikata kona, akauelekea ukuta, akavuta ukungu kichwani ukamfunika mpaka miguuni.

"Umekufa au umelala?" anauliza Muhuri.

Kimya. Tone la maji linadondoka kutoka kwenye ukungu.

"Nasema, umekufa au umelala?"

Kimya.

"Kanuni iko wazi," anasema Muhuri. "Volkeno hai inajibu yenyewe. Iliyolala inajibu ikiulizwa. Mfu haijibu. Huyu hajibu. Mtaalamu, asiyejibu ni nani?"

"Asiyejibu ni mfu," Rungwe anasema kutoka nje ya bati. "Hata kwa watu ndivyo."

"Umesikia, ndugu wa mgonjwa. Kesho katapila."

Muhuri anajiinua kutoka kwenye viti vyake vitatu, wino unamtiririka. Najitia katikati.

"Subiri kwanza."

"Wewe una elimu gani?"

"Darasa la nne."

"Mfu," anasema, na ananigonga begani. Mkono wangu wa kulia unakufa palepale, unaning'inia kama mkono wa koti. Nahamishia ndizi kushoto.

"Mkono mmoja ukifa, mwingine upo," namwambia. "Sitoki hapa. Nilitolewa zahanati yenu mara moja nikiwa na mgonjwa, nikaambiwa nirudi kesho, na kesho yake sikuwa na mgonjwa. Leo sitoki."

Nikasema hivyo, na chumba kikawa si chumba. Ni ua wangu wa zamani. Subilaga ni bibi harusi, yupo jikoni nje, anakoroga maharage. Baba yangu, Mungu amrehemu, anateremka njiani na fimbo yake. Subilaga anamwona, anatupa mwiko, anaingia kwenye migomba, kanga kichwani.

Baba anafika. Chungu kinaungua, moshi unapanda.

"Humu hakuna mtu?" anauliza.

Kimya.

"Nyumba tupu," anasema baba, na anaondoka zake.

Subilaga anatoka mgombani, anatazama maharage yaliyogeuka makaa, ananitazama mimi.

"Nilikuwepo muda wote, mume wangu," anasema. "Ningesemaje, naye kasimama pale?"

Chumba kinarudi. Muhuri bado yuko hewani, amebakiza kidogo amwangukie Lukamba.

"Shuka!" nasema. "Huyu hajafa. Huyu ni mkwe!"

"Mkwe wa nani?"

"Wa mtaalamu wako."

Bati lote linatikisika. Kichwa cha Rungwe kinainama, jicho moja linachungulia tunduni na kufumba haraka.

"Mkwe wangu yumo humu?" anasema, na sauti yake ina aibu kuliko hasira. "Lukamba wa watu? Ninyi watoto mna wazimu! Mnaniweka mbele ya mkwe, tumbo wazi, halafu mnamuuliza maswali! Angejibu vipi?"

"Hatukujua," anasema Muhuri.

"Hamkuuliza!"

"Malafyale," nasema, "usikasirike. Geuka tu, umpe mgongo. Ataongea."

"Kugeuka kwangu mimi si kama kugeuka kwako. Mbele nina mashamba ya chai. Nina mito."

"Geuka polepole. Mito itafuata."

Akageuka. Mito ilining'inia hewani kidogo, ikatazamana, ikatafuta njia nyingine. Wachuma chai wakapita juu ya vichwa vyetu na vikapu vyao, hawakuacha kuchuma, mama mmoja tu aliuliza, "Jamani, mnatupeleka wapi?" Na mgongo wa Rungwe ulipofika mbele yetu nikaona kitu ambacho sikukijua. Upande mzima wa kichwa chake haupo. Kuna shimo kubwa lililofunguka kama kiatu cha farasi.

"Usitazame sana," anasema. "Kuna siku ubavu ulinitoka. Hata mkubwa huporomoka."

"Sikuwahi kuambiwa, Malafyale."

"Nani angekwambia? Umekaa upande wa uso."

Basi ndipo Lukamba akashusha ukungu mpaka mabegani. Akakohoa. Kikohozi kidogo, chenye mvuke wa vuguvugu. Mimi kikohozi kile nakijua, nakisikia kila asubuhi kizingitini.

"Nani kasema nimekufa?" anauliza Lukamba.

"Lete ushahidi," anasema Muhuri.

"Baba, nipe hizo ndizi."

Nampa kwa mkono wangu ulio hai. Anazifukia kati ya matuta, karibu na kaburi, anazipigapiga udongo kama mtu anayemlaza mtoto.

"Maiti haivishi ndizi," anasema. "Utazikuta asubuhi."

"Ndizi hazimo kwenye kanuni!" Muhuri anapiga kelele, na kabla sijamshika anajirusha, anamwangukia Lukamba kwa uzito wake wote.

Unasikika mlio kama wa kitumbua kikiingia mafutani. Muhuri anainuka. Uso wake umeyeyuka, umekuwa laini kama yai. Anagonga ukuta: hakuna kitu. Anagonga ndoo: hakuna kitu. Anamkimbiza kuku, anamgonga, na lile neno la kwanza linafutika, kuku anabaki safi.

"Sasa nitafanya kazi gani?" anauliza.

"Kaa kwenye benchi," namwambia. "Subiri kama sisi."

Wazee walisema aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Nilidhani ni methali. Muhuri akapiga mwayo, akajilaza kwenye viti vyake vitatu, akakoroma. Kigingi naye akaegemea ukuta, kichwa chekundu kifuani, akasinzia.

Nikamsogelea Lukamba. "Na huyu uliyembeba mgongoni?"

"Amelala. Anakusikia. Anauliza yale matuta ya kushoto."

"Nitapalilia leo hii."

"Na mkutanoni ugeuke."

"Mimi? Nigeuke kwa nini? Mimi si mlima."

"Unaye nyumbani anayelijua joto langu kuliko wewe, kuliko wataalamu wote," anasema Lukamba. "Anapita juu yangu kila siku na jembe. Ana la kusema mbele ya watu, na ataingia kwenye migomba kwa sababu wewe umekaa mbele umekodoa macho. Wewe ndiye Rungwe wake."

Nikataka kujibu. Mdomo ukajaa kokoto. Nikaamka.

Kumekucha. Mkono wa kulia umekufa ganzi. Huo sikuuhesabu kuwa ushahidi, nilikuwa nimeulalia. Nikasikia kikohozi kizingitini, nikasikia nyayo zinaondoka, halafu zinasimama.

Nikafungua mlango. Chai ipo, kwenye kikombe kilekile cha bati. Pembeni ya kikombe kuna chana la ndizi. Zimeiva, za njano, na vidoadoa. Nikazishika. Zina vuguvugu kama mkate, na kokoto nyekundu ndogondogo zimenata kwenye maganda.

Tumpale alikuwa amesimama nyuma ya kona ya nyumba. Simwoni, naona kivuli chake tu. Mila hainiruhusu kumsemesha, lakini kuku alikuwa anapita, na kuku hana mila.

"Kuku," nikasema, nikageukia ukutani. "Hivi hapa kwangu ndizi zinaivishwa wapi?"

Nikabaki nimeutazama ukuta. Nikasikia sauti nyembamba, ngeni, ya mtu ambaye amekaa uwanja wangu tangu alipoolewa na sikuwahi kusikia neno lake. Aliniita tata, yaani baba.

"Kuku, mwambie tata, zinaivishwa Lukamba. Karibu na mama pana mahali udongo una joto. Nazifukia jioni, siku mbili zinakuwa tayari. Hata wakati wa baridi."

"Kuku, muulize mtu huyo, mbona wapimaji hawajui?"

"Walikuja na tata, kuku. Tata alikuwa amesimama nao."

Nikausogelea ukuta. "Na leo mkutanoni, kuku, mtu huyo akimkuta mzee fulani amewapa watu wote mgongo, anaweza kusema hayo?"

Kuku akadonoa kitu, akaenda zake. Nyuma ya kona ikaja sauti: "Anaweza. Na jembe atalibeba, wakafukue wenyewe waguse." Kisha, nyayo zikiwa zimeshaanza kuondoka: "Ila mwambie tata hizo ndizi za leo si zangu. Nimezikuta zimefukiwa pale. Mimi zangu nafungia ganda la mgomba."

Nikaligeuza lile chana. Limefungwa kwa ukanda wa kitambaa. Ni wa njano.

Nikaingia ndani. Sanduku limefungwa, ufunguo upo shingoni na kamba yake ina fundo lilelile. Nikafungua, nikatoa kanga ya Subilaga, nikaikunjua kitandani. Pindo moja limechanwa, kutoka kona mpaka kona.

Nimekula ndizi moja. Tamu. Zilizobaki nimezifunga tena kwa ukanda wake, nimezitia begani, na kigoda changu nimekibeba mwenyewe, maana viti vya wakubwa vina upande mmoja tu wa kukalia. Nitakiweka mbele kabisa, nitaketi nikiwa nimeutazama mlima, mgongo kwa mkutano. Wakitaka waseme mzee yule ana dharau. Leo mgongo wangu una kazi kuliko mdomo.